Duara la Baba Mkwe

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na wapwa zangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Mimi ni mzima, kichwa tu kilitaka kupasuka, na leo nakueleza kwa nini.

Mchumba wangu, yule fundi wa miwani, unamjua. Baba yake ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na ana ugonjwa wa nyota. Nilipokwenda kumwomba binti yake, hakuniuliza kazi wala ukoo. Alinisimamisha sebuleni mbele ya picha kubwa: nyota inayong'aa, na pembeni yake duara jeupe, hafifu, kama alama ya kikombe mezani. Akasema hilo ni wingu la angani alilolivumbua mwenyewe, na wasomi aliowaandikia hawamjibu kwa sababu ya wivu. Kisha akaniazima darubini, kamera na kioo chake kinachofungwa mbele ya kamera kuchuja mwanga wa taa za mji, nikaipige picha nyota ile ile. Nikishindwa, nisahau harusi. Mimi, mpiga picha za pasipoti!

Nikapanda na mchumba wangu juu ya paa la studio yangu. Picha ya kwanza tu, duara hilo hapo! Niliruka nusura nianguke. Mchumba wangu hakuruka. Aliniambia nisogeze darubini kidogo. Nyota ikahamia kushoto, duara likahamia kulia. Akaguna, akasema kitu cha mbinguni hakimkimbii jirani yake. Hilo limezaliwa humu humu ndani.

Nikabisha, si unanijua. Nilimwomba jirani azime taa ya uani, akazima huku akinitukana kistaarabu. Duara lipo. Nikabandika karatasi nyeusi ndani ya bomba la darubini. Lipo! Nikajifunika blanketi jeusi pamoja na kamera, mpaka mwenye nyumba akauliza nimefiwa na nani. Mwishowe mchumba wangu akakifungua kile kioo cha kuchuja, akakitia mfukoni. Nikapiga tena. Nyota safi, duara hakuna. Kumbe mwanga wa nyota uligonga kamera, ukarudi kwenye kioo, kioo nacho kikaurudisha kwenye kamera. Wingu la mzee lilikuwa hilo tu.

Tulicheka, halafu tukaanza kupiga hesabu. Nikipeleka picha safi, nimemwaibisha mzee sebuleni mwake. Nikipeleka yenye duara, naoa kwa uongo. Mchumba wangu alisema niamue mwenyewe, ila nikumbuke baba yake ana presha.

Dada, nisute tu, nimestahili: nilipeleka yenye duara. Mzee aliitazama, machozi yakamlengalenga, akanikumbatia akiniita mwanangu, akasema sasa mashahidi wamekuwa wawili. Harusi ni mwezi ujao. Nilijiona mwizi.

Mama mkwe akanisindikiza mpaka getini. Huko akaninong'oneza kwamba kile kioo yeye alikitoa siku nyingi zilizopita, akipangusa vumbi, akachungulia kamera, akaona nyota haina duara. Akanishika mkono, akanikaribisha kwenye familia, akaniomba jambo moja tu: nisimwambie binti yake, maana yule hajui kutunza siri.

Basi ukija, utasimamishwa mbele ya picha mbili, yake na yangu. Mzee atakuuliza kama unaliona wingu. Nakusihi, dada, lione.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu uwabusu wote hata huyo mtundu.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana harusi