Daktari Aliyechukuliwa Uwanjani Jumapili

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: dada wa mtuhumiwa (jina limo kwenye jalada). Umri: miaka 25. Kazi: mwalimu wa fizikia, sekondari. Makazi: kwa wazazi, nyuma ya soko.
Mlalamikaji: uongozi wa hospitali.

Mnamo Jumapili iliyopita, saa saba mchana, baba alishikwa na maumivu ya kifua akinyoa ndevu. Saa nane kipimo cha hospitali kilionyesha mshipa wa moyo umeziba. Nesi alisema anayezibua ni daktari mmoja tu, naye Jumapili hayupo. Baba apewe dawa, asubiri kesho. Niliuliza kama amepigiwa simu.

"Dada, wikiendi hatumsumbui bosi. Ndivyo tulivyozoea hapa."

Baba alikuwa amelowa jasho. Aliniambia, "Mama, usigombane na watu wa watu."

Kaka yangu, fundi magari, alitoka nje. Alimuuliza mlinzi wa getini, akaambiwa daktari ni refa wa mechi ya maveterani, uwanja wa shule. Tulimkuta na filimbi mdomoni. Kaka alimkamata mkono, akamwingiza kwenye gari, akafunga milango. Wachezaji walidhani ni utani. Mmoja alipiga kelele, "Leo refa ndiye kala kadi nyekundu!"

Mmeniuliza kama daktari aliomba kushuka. Aliomba, mara mbili. Kaka alijibu, "Utashukia kwa baba yangu." Nilikuwa kiti cha nyuma. Sikumzuia.

Nilimweleza daktari hali ya baba. Akauliza kipimo kilitoka saa ngapi. Nikamwambia. Ilikuwa imeshapita saa tisa.

"Simu ninayo mfukoni tangu asubuhi," alisema. "Wangenipigia, ningekuja mwenyewe." Kisha akamgeukia kaka. "Sasa unanyata nini? Kanyaga mafuta!"

Mshipa ulizibuliwa. Daktari alipotoka alituambia baba ataishi, lakini sehemu ya moyo imekufa wakati tukisubiri, na hairudi. Kaka alipiga magoti kumwomba radhi. Askari walimkuta hapohapo, chini.

Leo asubuhi baba ameniuliza kaka yuko wapi. Nimemwambia yuko gereji.

Nimeyasema niliyoyaona na kuyasikia, na nimesomewa. Sifuti neno.

Sahihi: (imewekwa)

Maelezo yameandikwa nami, Koplo wa zamu. Shahidi ameomba kumwona mtuhumiwa. Ameruhusiwa dakika tano.