Mabango Mawili Nyuma ya Mashine ya Kufulia

Mpendwa Shangazi Oleta,

Naomba msaada, lakini kabla ya ombi pokea shukrani zangu, maana miaka kumi na mitano sasa nasoma safu yako kila Alhamisi, na ni wewe uliyenifundisha kufunga mdomo mama mkwe alipokuwa akionja mchuzi wangu, Mungu amrehemu, na sikudhani hata siku moja kwamba ningekuwa mimi wa kukuandikia, ila yamenifika shingoni.

Mimi ni mjane, ni mpishi katika nyumba ya wazee, na maishani nimebebwa na watu ambao siwezi kuwalipa. Wa kwanza ni Mwalimu Hatcher wa shule ya umma hapa kwetu. Binti yangu Renita alizaliwa kiziwi, na alipofika umri wa kuanza shule wakubwa walitaka nimpeleke bwenini, mwendo wa saa nne kutoka nyumbani, nami nikakaa ofisini kwao nalia, ndipo mwalimu yule akaingia akasema, "Haendi popote, huyu ni wetu," akatumia likizo mbili nzima za kiangazi kujifunza lugha ya alama, na kwa mikono yake Renita alijua kusoma, na leo ana miaka kumi na tisa yuko chuoni.

Wa pili ni Mchungaji Tolliver na mkewe, Dada Tolliver. Kimbunga cha Aprili kiling'oa paa langu lote, na wanaume wa kanisa walifika na nyundo kabla hata watu wa bima hawajapokea simu, wakaezeka kwa siku tatu, na akina mama wakatulisha mwezi mzima, kuku, maharage, mkate wa mahindi, mpaka nikaona haya kufungua mlango.

Sasa Shangazi, Novemba hii tunapiga kura ya kubadili katiba ya jimbo, lile Swali la Nne. Wewe unalijua, linafuta ule mstari wa zamani wenye aibu unaosema watoto weusi na weupe wasisome pamoja, na hapo hapo, kwa alama moja ya kalamu, linaruhusu fedha za shule za umma ziende kwenye shule za makanisa. Mchungaji alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Dada Vernita, mama yako alisomea vitabu vilivyotupwa na weupe, havina hata majalada. Leo tunaifuta aibu ile, na watoto wetu wa kanisani wanapata madarasa. Utakataa vipi?" Nikasema sikatai, akanipa bango la NDIYO nilichomeke kwenye nyasi mbele ya nyumba.

Kesho yake Mwalimu Hatcher, ambaye hupita kwangu kila asubuhi na kile kijibwa chake, akasimama. "Vernita, mstari ule mahakama iliuua zamani, uliobaki ni mzoga. Fedha zikihama, mtoto ajaye kama Renita atafundishwa na nani? Na serikali ikianza kulilipa kanisa, usishangae siku moja ikitaka kulichagulia mahubiri." Nikasema kweli kabisa mwalimu, naye akanipa la HAPANA.

Nilifanya ujinga, nakiri. Jumapili na Jumatano, siku za ibada, watu wa kanisa wanapopita kwangu jioni, nilichomeka NDIYO, na kesho yake alfajiri kabla mwalimu hajatoa mbwa nikachomeka HAPANA, na lisilo na zamu nikalificha nyuma ya mashine ya kufulia. Wiki tano, Shangazi, na hata mwanangu alipokuja likizo akaniuliza kwa mikono, "Mama, siku ya Jumatano wewe ni chama gani?" akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha nikaugua mafua makali, Jumapili sikwenda kanisani, na Jumatatu mchana kengele ikalia, kufungua ni Dada Tolliver na bakuli la kuku na wali, lile la kioo lenye jina lake kwenye kipande cha plasta chini, na nyuma yake kwenye nyasi, HAPANA limesimama wazi. Nilitamani ardhi inimeze. Aliingia, akanipakulia, akanishika mikono akaniombea, na alipokuwa akitoka akasema tu, "Dada Vernita, bango lako limelala, upepo umelipiga. Ngoja nikunyooshee." Akainama, na ile sketi yake nzuri, akalinyoosha HAPANA, akalikandamiza kwa kiatu mpaka likasimama imara, akaondoka.

Tangu siku ile sijaenda kanisani, Jumapili mbili sasa, na bakuli lake limeoshwa liko mezani linanitazama. Alinisuta au alinisamehe? Na kura nipigeje, mimi niliyekula kwa wote wawili, na kituo chetu ni ukumbi wa kanisa, na anayegawa karatasi mlangoni ni Mwalimu Hatcher mwenyewe? Nikimkosea mmoja nitaonekana nimesahau wema, na sijasahau, haki ya Mungu sijasahau hata msumari mmoja.

Ni mimi, Vernita. Usifiche jina langu, mabango yangu mji mzima unayajua.

*

Vernita mwanangu,

Kwanza nimecheka, halafu nimefuta macho, halafu nimekasirika, na nitakujibu kwa mpangilio huo huo.

Renita kasema kweli. Wiki tano unaamka alfajiri, hata na mafua yako, kuhamisha bango kama mtu anayeficha mbuzi wa wizi! Umedhani hawajui? Mji wetu una taa mbili za barabarani, mama. Mimi ninayekaa ng'ambo ya mto nilikuwa nimeshasikia. Mshika mawili moja humponyoka, na wewe kilichokuwa kikikuponyoka ni heshima yako.

Lakini moyo wako ni mzuri, na sitaki uumie bure. Wengi huniandikia kulalamika kwamba hakuna aliyewahi kuwasaidia. Wewe unalia kwa sababu waliokusaidia ni wengi mno. Piga magoti ushukuru, kisha uinuke, maana kuna kazi.

Umechanganya shukrani na kura. Mwalimu Hatcher hakujifunza lugha ya alama ili umpigie kura miaka kumi na mitatu baadaye. Wanaume wale hawakupanda juu ya paa lako kuchuma NDIYO. Ukiwalipa kwa kura unawatukana, unaugeuza wema wao kuwa biashara. Na kama una hasira, usijichome nayo mwenyewe. Wapelekee waheshimiwa waliofunga aibu ya mama yako na fedha za watoto katika kitita kimoja, kisha wakakuachia wewe mjane ukifungue. Waandikie barua. Unajua kuandika, nimeona.

Unauliza Dada Tolliver alikusuta au alikusamehe. Vernita! Mtu anayekusuta hulitazama bango, huvuta midomo, huenda kusimulia. Huyu aliinama na sketi yake nzuri akalisimamisha neno asilolipenda, kwa sababu ni la kwako. Alikuwa anakuambia una haki ya kusema HAPANA mbele ya nyumba ambayo watu wa kanisa lake waliiezeka. Maskini, hakujua tu kwamba wewe mwenyewe hujui kama ni la kwako. Na wewe kwa kushukuru umemkimbia Jumapili mbili.

Sasa sikiliza. Nenda maktaba, omba karatasi ya mfano ya kura, soma Swali la Nne lote, si maneno ya mlangoni wala ya mwenye mbwa. Soma ukiwa peke yako. Mkumbuke mama yako, mkumbuke Renita, halafu uamue. Sitakuambia upige ipi, na ole wako uniulize.

Ukishaamua, weka bango moja siku zote saba, au uache nyasi tupu, nyasi tupu si dhambi. Lile jingine mrudishie mwenyewe mkononi, mchana, na umwambie ukweli. Mwalimu aliyetoa likizo mbili nzima ajifunze kusema na mtoto kwa vidole ana subira ya kukusikiliza wewe.

Siku ya kura, naam, utaingia chini ya paa la mchungaji na utapokea karatasi kutoka mkono wa mwalimu. Wasalimie wote wawili vizuri. Kisha utasimama nyuma ya kile kizuizi cha boksi cha kupigia kura, na pale, binti yangu, hawatoshi watu wawili. Pale hata mimi siingii.

Na hilo bakuli, tangu lini mwanamke wa kwetu akarudisha bakuli tupu? Oka pai ya viazi vitamu, uitie humo, uipeleke kabla ya Jumapili. Akifungua mlango usianze na samahani, utalia na pai itapoa. Mwambie hivi: "Asante kwa kuninyooshea bango."

Mengine ataanza yeye.

Shangazi Oleta