Ukindu Mkavu

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu kutoka Kirongwe. Sisi wazima, mikorosho imechanua, bibi yako anakula vizuri.

Unasema mlipopasua ubongo katika maabara ya chuo mliona mkunjo mdogo wa ndani unaotunza kumbukumbu, na kwamba wa bibi yako umesinyaa kwa ugonjwa wake wa kusahau. Unauliza kuna maana gani kuja likizo ilhali hatakutambua.

Nilikuwa kijana, mwandishi mpya wa gazeti, mama yangu alipofikia hali hiyo. Nilimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka, macho mbali kama mtu anayeota. Nikampa ukindu mmoja wa kusukia.

“Mkavu huu, utakatika! Kwenu huna mama wa kukufunza?”

“Ninaye.”

“Basi mwambie akufunze.”

Nikaenda kuulowesha, nikarudi. Tulisuka mpaka alasiri, upepo ukipita barazani. Jina langu halikumrudia. Lakini viini vya ndani zaidi vya ubongo, vinavyoongoza mikono, vilikuwa vikifanya kazi, na mara mbili alinishika vidole akavielekeza, polepole, kama alivyofanya nilipokuwa mtoto.

Njoo. Usimuulize kama anakujua. Mwamkie tu, marahaba yake bado ipo.

Babu yako