Shemeji, Wanataka Kumrudisha Kufuli Uwanjani

Chumba cha Mafundi Cherehani,
Nyuma ya Soko.
Jumatano, tarehe 14 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zetu sote, wakubwa kwa wadogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau umelala, maana najua zamu za usiku za hapo ghalani zinavyokukausha. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unaweza kuinama ukafunga kamba za viatu bila kushika ukuta, tukafurahi kama vile umefunga bao. Ule mkanda niliokushonea unauvaa, au umeufanya wa kufungia sanduku? Usiponijibu nitajua.

Sisi tupo. Mdogo anaota meno ya juu na ameamua tuyaote wote, hakuna anayelala. Naandika hapa kazini wakati wa mapumziko ya mchana, yeye kalala kwenye kapu la vitambaa chini ya meza, na mguu wangu mmoja unalitikisa. Ukiona mwandiko umepinda ujue hapo ndipo alipoamka. Dada yake, Chiriku, hajanyamaza tangu siku aliyojua kusema. Sasa amejifunza "kwa nini" na analitumia kama nyundo. Mama yenu miguu bado inamvimba jioni, ila ulimi haujavimba, tunashukuru.

Sasa Shemeji, sikukaa kukuandikia habari za meno. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya nyumbani ni moja na iko mfukoni mwa mume wangu, huyo mdogo wako, na haya ninayotaka kusema siwezi kuyasema yeye akiwa amekaa pembeni anasubiri zamu yake ya kucheka nawe. Barua hii nampa dereva wa lori la unga anayeleta mzigo kiwandani anakofanya kazi mdogo wako. Ameahidi kukufikishia kesho. Tafadhali isome yote kabla ya Ijumaa.

Timu wanamtaka tena. Pengine umeshasikia kwamba wako karibu na mkia, na mechi zilizobaki ni chache. Beki mmoja wa kati kavunjika mguu, mwingine kila akicheza anatafuta kadi. Wamekumbuka kwamba kuna mtu anaitwa Kufuli, yuko kiwanda cha mikate anapakia kreti kwenye magari. Walipomwacha hawakukumbuka hata kumuaga, lakini hayo ni yao.

Mimi nilijua kabla yake. Mtunza vifaa wa timu alileta jezi hapa kwetu zibandikwe namba na majina, kama kawaida yao. Nikawa nabandika bila kusoma, unajua kazi ukiizoea macho yanakuwa mbali, mpaka nikafika jezi moja kubwa kuliko nyingine, namba tano. Karatasi iliyopiniwa juu yake imeandikwa KUFULI. Nilidhani wamekosea, wametoa ya zamani. Fundi mwenzangu akaniambia, "Kosa gani, mama, si mumeo huyo? Wamemwongezea kipimo, wanajua unampikia." Nikalibandika jina la mume wangu herufi moja moja kwa pasi, na yeye hajaulizwa bado.

Siku mbili baadaye Mwenyekiti akaja nyumbani na Kocha. Walikaa kwenye viti vyetu viwili vizuri, sisi tukakaa kitandani. Mwenyekiti ana sauti tamu, wewe unamjua. Akaniambia, "Shemeji, tunakuomba mtuazime miguu ya Kufuli mechi hizi chache tu." Nikamuuliza, "Mtairudisha ikiwa mizima?" Akacheka mpaka akafuta macho. Mume wangu hakucheka. Alikuwa ameshaondoka pale chumbani, amebaki mwili tu. Mama naye akadakia toka upande wa pazia kwamba mwanawe hajazeeka, ni mikate inayomzeesha.

Wakakubaliana acheze kwanza mechi ya majaribio Jumamosi iliyopita. Nikaenda na watoto.

Nisikudanganye, kipindi cha kwanza nililia kwa furaha. Kila mpira uliokuja upande wa kulia aliumeza. Alisimama kama ukuta wa jengo. Mbele yangu palikuwa na jamaa mmoja mwenye mdomo mrefu, akasema, "Kufuli lenyewe limeshika kutu." Mwenzake akamjibu, "Ndivyo vizuri, hata mwenye ufunguo hafungui." Watu wakacheka, wakaanza kuimba jina lake kama zamani. Chiriku akapanda juu ya kiti akamwambia kila aliye karibu kwamba yule ni baba yake. Niliuona mgongo wa mume wangu umenyooka. Shemeji, nimeishi na mgongo ule miaka hii miwili ukirudi kutoka kiwandani, nilikuwa nimesahau kwamba unanyooka.

Kipindi cha pili wenzao wakahamishia mashambulizi upande wa kushoto. Mpira wa kwanza ukapita karibu naye kiasi cha kuugusa kwa mkono, naye hakugeuka. Bao. Wa pili vilevile. Sio kwamba alichelewa, hakuuona. Kila mpira ulipokwenda ule upande alikuwa anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kijana aliyesimama pale ulipokuwa unasimama wewe hakufungua mdomo. Anamwogopa, ni kama kucheza pamoja na picha ya ukutani.

Karibu nami alikuwa amekaa yule kipa wenu wa zamani, siku hizi anafundisha makipa. Akasema polepole, kama anaongea na magoti yake: "Anasubiri 'Nipo.'" Nikamuuliza nipo gani. Ndipo akanieleza jinsi mlivyokuwa mkifanya kazi. Kwamba mpira ukija kushoto wewe ulikuwa unaita "Nipo," naye anauacha, na ukitaka auchukue unaita "Wako," naye anaruka palepale bila kuangalia. Watu kwenye viti walikuwa wanasema mmezaliwa tumbo moja ndiyo maana mnaelewana. Kipa akasema msimu wako wa mwisho ulikuwa unacheza nafasi yako na nusu ya nafasi yake. Akaniuliza, akikutaja kwa jina lako la uwanjani, "Ulidhani ule mgongo wa Komeo uliharibika hivihivi?"

Nilirudi nyumbani nikaanza kuyaona yote niliyokuwa nayaona. Kwa nini hukaa mwisho wa benchi, sote tuwe kulia kwake. Kwa nini Chiriku humshika mkono ule mmoja tu barabarani. Vikombe anavyoviangusha. Mwimo wa mlango anaougonga kwa bega. Msimamizi wao kiwandani alishamhamisha kutoka kwenye trei za moto, akamwambia mume wangu kwamba ni kwa sababu ya nguvu zake wanamtaka kwenye kreti. Mume wangu aliniletea habari hiyo kama amepandishwa cheo.

Nikamuuliza waziwazi tukikunja nguo: "Jicho la kushoto linaona?" Akakunja shati lote mpaka mwisho ndipo akajibu. Alisema ni tangu kile kiwiko alichopigwa kwenye kona, na kwamba wewe unajua, ulimwapia hutamwambia mtu. Sikulaumu, Shemeji. Nilikasirika, sitaficha, nilikasirika siku nzima na wewe ukiwa huko huna habari. Halafu nikafikiria, ningekuwa mimi na dada yangu pengine ningefanya vilevile.

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari wa macho, nikamshika mkono kama mtoto. La kushoto limekwisha, linaona mwanga na kivuli tu. La kulia linafanya kazi, lakini nyuma yake pamelegea, na pigo moja la kichwa linaweza kulichukua. Mume wangu akauliza, "Na kama ni mechi chache tu?" Daktari akavua miwani yake. Akasema, "Baba, mpira utajuaje kwamba ni mechi chache?"

Tulirudi kwa miguu. Tukafika kwenye geti. Hapo ndipo alipotoa hoja yake, na ndiyo hoja anayoilalia na kuiamkia mpaka leo: "Nilicheza msimu mzima kwa jicho moja na hakuna mshambuliaji aliyenipita. Muulize kaka."

Ulipoondoka wewe walimwacha kabla nusu ya msimu haijaisha, lakini hiyo anasema ilikuwa goti. Ukimtajia jicho, anakutajia msimu ule. Ukimtajia umri, anakutajia msimu ule. Mimi siwezi kumjibu, nilikuwa nyumbani namnyonyesha Chiriku. Kipa akimjibu atasema ni wivu. Daktari hakuwahi kumuona akicheza. Mtu wa kumjibu ni mmoja.

Amemwambia Mwenyekiti atasaini Jumamosi asubuhi, ila ataongea na kaka yake kwanza. Ijumaa atakupigia. Nawajua simu zenu. Atasema "Komeo," utasema "Kufuli," mtacheka, utamwambia bado yumo, vijana wa siku hizi hawana kitu. Utasema kwa mapenzi. Naye atakwenda kusaini.

Ninachokuomba ni kizito na nimekipima, siku hizi napata muda mwingi wa kupima mambo nikimbembeleza mdogo. Usimwambie amezeeka, hilo anaambiwa na kila mtu. Usimwambie kwamba mke wake ana hofu. Mwambie msimu ule ulikuwa unafanya nini upande wa kushoto. Mwambie kwamba pengo lake uliliziba wewe.

Najua namwomba nini kaka wa mume wangu. Timu inataka kumpa mechi chache, mimi nataka uchukue msimu mzima ambao aliuhesabu kuwa ndio bora maishani mwake. Kiwandani wanamwita "wewe wa kreti." Ana msimu ule tu wa kujifunika nao. Nikiwaza hivyo mkono unagoma kuandika. Lakini huyu mdogo hapa kwenye kapu ana miezi minane, na baba yake bado hajamwona akisimama. Nataka amwone. Fedha zao zingetufaa, sitajifanya hazitufai, lakini nimeshakataa moyoni. Na kama unaona siko sahihi, kama kweli unataka acheze, basi acha kazi ya ghala, urudi na huo mgongo usimame pale uite "Nipo." Nisamehe kwa kusema hivyo. Nimeliandika na silifuti.

Nilikuwa nimeishia hapo, nikitafuta namna ya kufunga barua, mara akaingia mwenyewe. Wamepeleka mkate duka la jirani, akapita kutuona. Akauliza namwandikia nani. Nikasema kaka yako. Hakunyoosha mkono kuisoma. Alimtoa mtoto kwenye kapu akamweka begani, upande wake ule mzuri, akasimama anaangalia cherehani za wenzangu.

"Umemwambia jicho?"

"Nimemwambia."

Nilidhani atakasirika. Akampigapiga mtoto mgongoni muda mrefu, mpaka fundi mwenzangu akaacha kukanyaga cherehani yake, akajifanya anatafuta uzi. Kisha akasema, taratibu, bila kuniangalia: "Basi mwambie Ijumaa asianze na utani. Aniambie kama alikuwa ananibeba."

Akanirudishia mtoto akatoka. Gari lilikuwa linampigia honi.

Shemeji, sasa ombi si langu peke yangu, na sina la kuongeza.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri, na kama baridi inakuvalisha soksi mbili usimfiche. Chiriku anakusalimu Baba yake Mkubwa na anauliza kwa nini hukuja. Wasalimie watoto, umbusu yule wa mwisho kwa ajili yangu. Kipa naye kaniomba nisimsahau kwenye salamu. Mume wangu anakusalimu. Ameomba ruhusa kiwandani, Ijumaa hatakwenda kazini, atakuwa nyumbani na simu mkononi tangu asubuhi.

Mungu akutunze huko uliko, na akupe maneno.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Mama Chiriku