Aliyesugua Pete Isiyokuwepo

Mjukuu wangu mpendwa Naliaka,

Hatujambo hapa mtaani Abu Hamour, huku ughaibuni; goti la nyanyako limepoa. Unauliza kama ukatae kuigiza bawabu asiyesema neno katika mchezo wa shule.

Nilipokuwa mlinzi wa mlangoni katika hoteli moja mtaa wa West Bay, alikaa hapo Mwingereza mzee aliyeigiza maisha yake yote, jukwaani na kwenye filamu, sehemu ndogondogo tu. Wiki nzima alinitazama. Mchana mmoja nilirudi kutoka kula, nikajiona nimesimama mlangoni: bega moja chini, kidole gumba kikisugua pete, kama ilivyo desturi yangu. Kumbe ni yeye, na pete hakuwa nayo.

Ameshafariki. Juzi tulimwona kwenye filamu, bawabu wa dakika moja, akisugua kidole kitupu. Nyanyako akapiga yowe: "Baba Wekesa, huyu ni wewe!"

Usikatae, mama. Kamtazame bawabu wa shule yenu. Ila mwombe ruhusa. Mimi sikuombwa, na bado nimesimama mle filamuni.

Babu yako