Bega la Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kile kikohozi chake kimemwachia. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, na hilo "sana" kanisimamia mpaka nikaliandika.

Habari kubwa ni bega lake. Ulipoondoka lilikuwa limekaza, mkono haufiki hata sikioni, ukaniachia kitana na kazi ya kumchana kila asubuhi. Mimi, fundi milango! Siku za mwanzo alitokwa machozi, akasema afadhali nimnyoe tu.

Kliniki tumempata mama mmoja wa mazoezi, wagonjwa wanamwita Mama Nyoosha. Nikajitia mjuaji, nikamwambia bega la mama ni bawaba iliyoshika kutu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia bawaba ni kiwiko na vidole, na goti kwa sehemu kubwa: kukunja na kukunjua, basi. Bega ni mfupa wenye kichwa cha mviringo, umekaa kwenye kikombe kisicho na kina, ndiyo maana mkono huenda mbele, nyuma, juu, na kuzunguka. Nyonga ni hivyohivyo, ila kikombe chake kina kina, kwa hiyo haina uhuru kama wa bega lakini haichomoki ovyo. Kisha akanigeuza shingo taratibu, akanieleza jinsi pingili ya juu kabisa inavyozunguka kwenye kijiti cha mwenzake. Tangu siku hiyo, nikifungua kitasa natazama mkono unavyojigeuza, nasema aliyetuunda ni fundi kweli. Mimi bawaba tatu tu zinanitoa jasho.

Na mama naye si mchezo. Kila siku alikuwa akitambaza vidole ukutani, akipanda kidogo kidogo, huku anaung'ata mtandio kwa maumivu.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Unajua mimi na mama tulivyokuwa: salamu, chakula, kwaheri. Tangu nianze kumchana ananisimulia mambo, hata walivyokutana na marehemu baba. Basi Jumanne nilirudi kuchukua randa niliyoisahau, nikamwona dirishani anatundika pazia, mikono yote miwili juu, anaimba. Nilifurahi, dada, na sikufichi, nilihuzunika pia. Nikaondoka bila kubisha hodi.

Kesho yake nilikuta kitana kimewekwa kwenye kiti changu. Mama amekaa, amenipa kisogo, akasema bega bado linamsumbua, nisifanye haraka.

Nikamchana. Kwa hiyo ukija, chonde, usimuulize habari za bega.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu.

Ni mimi mdogo wako,
fundi milango, na msusi wa mama