Paka Bakuli Mafuta

Mpendwa Ayyo,

Salaam aleikum kutoka Kiwanjani, hapa Isiolo, nyumba ile ile, mlango ule ule unaokwama mvua ikinyesha. Nina jambo la kukiri. Nimelibeba tangu nikiwa darasa la pili, na wewe umetangulia bila kulisikia. Lakini unanijua, mama yangu. Mimi jambo sisemi kabla sijalizunguka, kwa hivyo nivumilie, nianzie kwenye mabakuli.

Ulikuwa na mabakuli matatu ya bati, na ole wake aliyeyachanganya. Jeupe lenye ukingo wa bluu lilikuwa la unga na mchele. La kijani lilikuwa la wageni kunawia mikono. La tatu, lililobanduka rangi kila upande, lilikuwa la paka wetu. Ulimwita Adurre, ambalo ni neno letu la Kiborana la paka, ukaona jina limetosha. Watoto wa jirani walidhani ni jina la mtu mkubwa, wakawa wanamwamkia.

Na maji! Wewe maji hukuyamwaga, uliyabadilishia kazi tu. Yakishaosha mchele yanakwenda kwa mbuzi mdogo. Yakishanawa mikono yanakwenda kwenye mpapai. Hata Simba, mbwa wa Mama Kendi jirani yetu, alikuwa na fungu lake. Ulimmiminia kutoka juu ya ua, mkono umeunyoosha weee, ili ulimi wake usije ukagusa bakuli lako ukalazimika kuliosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini yetu inavyoagiza. Simba alishazoea. Akikuona tu umesimama kwenye ua, anakaa chini na kufungua mdomo.

Lakini Adurre hakunywa maji ya kazi ya pili. Yeye alipewa mapya kutoka mtungini, kabla hata chai haijabandikwa. Nilikuuliza siku moja kwa nini, maana ni mimi niliyekuwa nikipanga foleni bombani na debe. Ukasema, "Sisi tuna miguu ya kwenda bomba. Huyu ana sisi." Basi nikaenda zangu bombani.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, tulipokuwa na miezi minne tu mjini. Abba, baba yangu, alikuwa akiendesha lori la mifugo, leo Oldonyiro, kesho kutwa hajulikani aliko, naye ndiye aliyetutoa kwetu Kinna ili mimi nisome. Nilikuwa naipenda shule hiyo, Ayyo, hadi nilikuwa nalala na daftari. Wewe mji hukuupenda. Ulisema hapa watu wanazungumza kama wanafukuzwa. Kiswahili hukukijua hata kidogo, na Mama Kendi, Mmeru wa watu ambaye mumewe alikuwa karani wa serikali, ndiye aliyejitolea kukufundisha. Kila alasiri alikaa kwenye mkeka wetu akinywa buna, kahawa yako ya kukaangwa kwa samli, nawe unashika kitu, unauliza kwa jicho tu.

"Hiyo ni bakuli," anakwambia.

"Bakuli."

"Hiyo ni mafuta. Huyo hapo ni paka."

"Baka."

"Paka! Paka, mama!"

Mkaendelea hivyo mpaka mkamaliza vyombo vyote vya nyumba. Majina ya vitu ukayajua. Vitendo mlikuwa hamjavifikia.

Ndipo Abba akaleta habari kwamba atafika Ijumaa na wageni wawili wa heshima. Ukataka kuwashangaza kwa mkate wa mayai, ule wa Mama Kendi wa kuoka kwenye sufuria yenye makaa juu ya kifuniko. Samli iliyobaki ilikuwa ya mwisho, ile Akko, nyanya yangu, alituma kutoka Kinna kwenye chupa. Mkakoroga mayai na sukari mpaka mikono ikauma. Mama Kendi akakumbuka ameacha hamira kwake. Akainuka, akakuonyesha bakuli jeupe ambalo mlipanga kuokea ndani ya sufuria, akakwambia huku anatoka mbio, "Paka bakuli mafuta, nakuja saa hii!"

Paka. Bakuli. Mafuta. Maneno yote matatu uliyajua! Nani angekulaumu?

Mimi nilifika na debe langu kichwani nikakukuta umechuchumaa, chupa ya samli mkononi, unaimimina yote, mpaka tone la mwisho, ndani ya bakuli lako jeupe la ukingo wa bluu, lile la mkate wa wageni. Na Adurre amesimama mbele yake haamini bahati yake.

"Ayyo, unafanya nini?"

"Shh. Ndiyo desturi yao hapa," ulininong'oneza kwa Kiborana. "Kabla ya kupika mkate wa wageni, paka anapewa kwanza. Usituaibishe."

Mama Kendi akarudi na hamira yake. "Mama Halima, umepaka?"

Ukajinyoosha, ukajibu Kiswahili kirefu kuliko chote ulichowahi kusema maishani: "Ndio. Paka nakula yote. Paka nataka ingine."

Jamani! Mama Kendi alikaa chini kwa kicheko, hamira ikamwagika kwenye kanga. "Woi, Mama Halima! Kupaka! Kupaka na mkono, hivi, hivi!" Akawa anapangusa bakuli hewani kwa vidole. Na mimi, niliyekuwa nakijua Kiswahili cha shule, nikaelewa. Nikacheka kuliko yeye. Nilicheka mpaka nikajishika ukuta. Adurre akajilamba masharubu, akaenda kulala na tumbo lake.

Nilipokuangalia, ulikuwa hucheki. Ulikuwa umelishika bakuli hilo kwa mikono miwili, macho chini. Kicheko cha Mama Kendi ungekivumilia, alikuwa mtu wa nje. Kicheko kilichokuchoma kilikuwa changu. Naona aibu hata sasa nikiandika.

Wageni walikula wali mtupu, wakashukuru, wakaenda. Jumamosi ukaanza kufunga mizigo. Ukakunja mikeka, ukapanga vibuyu vya maziwa, na birika la buna ukaliweka chini kabisa, katikati ya nguo, lisipondeke. Ukamwambia Abba kwa upole, na upole wako ndio tulioogopa: "Jumatatu lori likienda upande wa Kinna, mimi na mtoto tumo. Sikai mahali ambapo hata mwanangu ananicheka." Abba akajaribu neno moja, mawili, akaenda kuangalia tairi. Mimi nikalia kwenye daftari langu mpaka wino wote ukachuruzika.

Jumapili, Mama Kendi alitoka kanisani akanikuta bombani. Alikuwa amebisha mlango wetu mara mbili na hukumfungulia.

"Halima, mamako amekasirika kabisa?"

"Tunarudi Kinna kesho."

Akaniambia, "Nifundishe kusema kwa Kiborana, 'mimi nataka kahawa.' Nisimame kwa mlango niseme. Labda atanihurumia."

Sasa ndiyo hapa, Ayyo. Kukiri kwenyewe ndiko huku. Sentensi niliijua, kwetu kila mtoto anaijua: *Ani buna feda.* Lakini mimi, Mungu anisamehe, nilimtazama mama wa watu usoni nikamwambia, "Sema, *Ani bona feda.*" Nilifikiri hivi: mama amechekwa, naye akipata wa kumcheka, watakuwa sawa. Ndizo hesabu nilizoziweza nikiwa darasa la pili. Akairudia njia nzima, mimi nyuma yake na debe. *Ani bona feda, ani bona feda.*

Akasimama mlangoni na bakuli la maji ya kunywa mkononi, kwa sababu alisikia kwetu mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Akasema kwa sauti ya kanisani: "Ani bona feda!"

Ukageuka pole pole. "Bona?"

"Bona! Bona mingi!"

Mtu ametoka nyumbani kwake, hapa Isiolo, jua limesimama utosini, anabisha mlango wa Mborana anaomba bona, yaani ukame. Tena mwingi! Midomo yako ikaanza kutetemeka. Nikadhani unalia. Kumbe kicheko kilikuwa kinapanda kutoka mbali. Ulicheka mpaka ukavuta shuka ukajifunika uso, ukatoka tena, ukamwona bado amesimama na bakuli lake, ukacheka upya. "Huyu katoka Meru kwenye mvua," uliniambia, "kuja kututafutia ukame!" Ukamshika mkono, ukamketisha. Na kahawa haipikwi bila birika, na birika lilikuwa chini kabisa ya mzigo. Basi ukafungua kamba.

Hukuzifunga tena. Jumatatu lori likaenda Kinna bila sisi, nami nikaenda shule na daftari lenye madoa.

Unakumbuka ulivyomtania miaka yote? Ukame wa kweli ulipokuja miaka ya themanini, mbuzi wakaisha, bomba likawa linakohoa upepo, ulikuwa ukimwita kutoka uani: "Mama Kendi! Uliomba, umepewa! Sasa omba mvua, lakini kwa Kimeru chako, usikosee!" Mkawa mnagawana debe moja, kwetu nusu na kwao nusu. Hata siku zile, bakuli la paka halikukauka. Mjukuu wa Adurre alikunywa maji mapya kabla ya chai, kama bibi yake.

Juzi Mama Kendi alikuja kutoka Meru, anakoishi siku hizi. Mgongo umeinama, ulimi bado umenyooka. Alisema amekuja kula mkate wa mayai jikoni kwako. Nilitoa bakuli lako jeupe, ukingo wa bluu umekatika sehemu mbili, nikachovya vidole kwenye samli. Akanichungulia, akasema, "Paka bakuli mafuta." Paka wangu akainua kichwa pale mlangoni. Tukaangaliana sisi watatu. Nikachota kijiko kizima, nikamwekea paka kwanza. Desturi ni desturi.

Tulipomaliza kucheka na kufuta machozi, nikaona nikikaa kimya tena nitakufa nalo. Nikamwambia yote: kwamba hakukosea siku ile, kwamba ni mimi niliyemfundisha vibaya makusudi, kwamba nimemfanya achekwe nusu ya maisha yake kwa kosa lisilo lake.

Akaweka kikombe chini. "Halima," akasema, "mimi nilikuwa nimekunywa buna kwa mkeka wa mamako miezi minne, kila siku. Unafikiri sikuwa najua inaitwa nini?"

Ayyo! Nilimshika tu mikono yake, ikiwa bado na samli yetu.

Lala salama, mama. Birika liko jikoni, na maji ya paka yamebadilishwa asubuhi hii.

Ni mimi binti yako, uliyemfungulia mzigo abaki shuleni.